Vichaka vya Februari

Pongo na nsya wanaojificha kwenye kingo za mito ya Uasin Gishu na pembezoni mwa msitu wa Kaptagat hawana shida mwezi wa Julai. Mvua za Eldoret huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Septemba, na wakati huo kila kichaka ni malisho. Taabu huanza Desemba. Ikifika Februari nyasi zimekauka, ng'ombe wamemaliza mabua ya mahindi na kuteremkia mtoni, na mnyama anayetegemea majani mabichi na machipukizi hana pa kukimbilia ila sukumawiki ya mtu. Huko hukutana na mbwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kupandia wanyamapori miti, humuuliza: Februari, shambani mwako kuna jani gani bichi kati ya ardhi na kifua cha mtu? Pongo hafiki juu zaidi ya hapo. Lengo la taifa la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032 naliunga mkono kwa moyo wote, lakini idadi ya miche haisemi lolote kuhusu kimo hicho. Ingia katika shamba la misaiprasi iliyokwisha kufungamana matawi: giza, majani makavu chini, hakuna cha kutafuna wala pa kujificha.

Mikaratusi kwenye chepechepe ina hasara nyingine, maana hunywa maji yaleyale yanayoweka ukingo kijani wakati wa kiangazi. Tazama Saiwa, karibu na Kitale, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kilomita 3 hivi za mraba. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame matopeni. Askari wanaweza kumlinda dhidi ya wawindaji, lakini maji ya kinamasi chake hupitia kwanza mashamba ya majirani.

Mimi ningeanza na mtandamboo, ambao Wakalenjin huuita legetetwet. Haupukutishi majani kiangazi, una matunda, na miiba yake humficha nsya asifikiwe na mbwa. Nyuma yake emitiot, yaani mzeituni mwitu, na karibu na maji lamaiywet, yaani mzambarau mwitu. Panda kwa vishada vilivyosongamana, si kwa mistari, mvua za kwanza zikishatulia. Ongeza silibwet, mti ambao ukiukata chini huchipua upya, kisha kata michache kila mwaka ili machipukizi yabaki kwenye kimo cha mnyama. Pa kuanzia pako wazi: ule ukanda wa mto ambao hata sheria haitaki ulimwe.

Zungushia ua mpaka miche ikomae, kwani mbuzi mmoja aweza kuimaliza kwa asubuhi moja. Pongo ataruka na nsya atapenya chini. Kisha kagua ncha za matawi. Sungura hukata mshazari, safi kama kwa kisu. Swala hana meno ya mbele ya juu, hivyo huvuta na kurarua, na nyuzi hubaki zikining'inia. Mbuzi naye huacha alama hiyohiyo, ndiyo sababu ukaguzi ufanywe ndani ya ua. Ukikuta matawi yametafunwa hadi kwenye sehemu ngumu, chakula hakijatosha. Otesha miche zaidi kabla ya Aprili.