Safari ya Julai Huanza Novemba
Vijana wa Kidichi na nafasi za utafiti wa elimu ya anga

Kila mwaka, baina ya Juni na Agosti, taasisi kadhaa za elimu ya anga barani Ulaya, Marekani na Asia hupokea wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa wiki 6 hadi 12. Kila mwanafunzi hukabidhiwa mtaalamu wa kumsimamia pamoja na swali ambalo jibu lake bado halijapatikana, kisha akatakiwa alitafute. Nyingi ya nafasi hizo zina posho, na baadhi hulipa nauli na malazi pia. Hutangazwa hadharani, na ziko zisizobagua uraia wa mwombaji.

Kwa familia za Kidichi habari hii ina uzito wake, kwani miezi hiyo hiyo ndiyo msimu wa wageni. Watalii hupanda kutoka Bububu kuja kuangalia mashamba ya viungo na mahamamu aliyoyajenga Seyyid Said katika karne ya 19 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Vijana walioko vyuoni hurudi nyumbani likizo wakawatembeza, wakawamenyea mdalasini na kuwapasulia kungumanga. Kipato hicho huingia katika ada, katika chakula na katika matibabu ya wazee. Kwa hiyo kijana anaposema kwamba likizo hii angependa kwenda kutafiti nyota, anaiomba nyumba nzima isamehe kipato cha msimu. Ombi kama hilo linastahili kujibiwa kwa ujuzi, si kwa dhana.

Jina linalotisha

Kikwazo cha kwanza hukutwa mlangoni, nacho ni jina. Katika Kiswahili chetu neno falaki limebeba maana mbili. Liko falaki la wanazuoni, yaani hesabu ya mwendo wa jua, mwezi na nyota. Na liko falaki la mpiga ramli, anayedai kumsomea mtu bahati yake. Neno unajimu nalo limepatwa na mkasa huo huo. Bibi akisikia mjukuu wake anasomea nyota, hana kosa akishtuka.

Elimu tunayoizungumza hapa, ambayo wengi sasa huiita astronomia, haina uhusiano na ramli. Hupima, huhesabu, na hukubali kukosolewa kwa vipimo vya mwengine. Ni elimu ile ile iliyompa nahodha wa jahazi njia usiku, na iliyompa mkulima methali isemayo kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Aliyeitunga methali hiyo alilitazama kundi lile la nyota miaka mingi, akalinganisha kuzama na kuzuka kwake na majira ya mvua. Al-Sufi, Mwajemi aliyeandika kitabu chake cha nyota mwaka 964, alilitaja ndani yake wingu dogo la nuru ambalo leo tunalijua kuwa ni galaksi ya Andromeda. Majina ya sayari tunayoyatumia, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali, yametufikia kutoka hazina hiyo hiyo.

Kazi yenyewe

Wengi hudhani mtafiti wa anga hukesha akichungulia darubini. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hufanyika mchana, mbele ya kompyuta. Darubini kubwa hukusanya takwimu nyingi kuliko watu wa kuzichambua, na hapo ndipo mwanafunzi anapohitajika. Hufundishwa kuandika programu, mara nyingi kwa lugha ya Python, ili kuchuja takwimu, kuchora grafu, kutenganisha ishara ya kweli na kasoro ya chombo, na hatimaye kueleza alichokiona mbele ya wataalamu.

Mwaka 2019 kijana wa Kimarekani, Wolf Cukier, mwenye umri wa miaka 17 na ambaye hakuwa ameingia chuo kikuu, alipata nafasi ya likizo katika kituo cha Goddard cha shirika la NASA. Kazi yake ilikuwa kupitia takwimu za satelaiti ya TESS zihusuzo nyota pacha zinazozungukana. Siku ya tatu akaona mwanga wa jozi moja umefifia kwa namna isiyoelezwa na nyota hizo peke yake. Uchunguzi ukathibitisha kuwa ni sayari inayozizunguka nyota zote mbili, nayo ikaitwa TOI 1338 b. Bahati ilikuwepo, lakini bahati hiyo ilimkuta amekaa kitini anaangalia grafu moja baada ya nyengine.

Wanafunzi wengi hawagundui sayari. Wanachorudi nacho ni ustadi wa kuchambua takwimu, unaohitajika pia katika benki, hospitali, utabiri wa hali ya hewa na simu, pamoja na mtaalamu anayewajua kwa kazi yao na aliye tayari kuwaandikia barua.

Pwani yetu imo katika historia hii

Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi chini ya uendeshaji wa Waitaliano. Pwani hii ilifaa kwa kuwa iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia humwongezea roketi kasi. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Hadi leo neno hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya astronomia vya lugha zote.

Jina ni letu na bahari ni yetu, lakini takwimu zilichambuliwa Marekani. Wakati ule kijana wa pwani hakuwa na njia ya kuzifikia. Leo anayo. Shirika la anga la Ulaya limeweka wazi takwimu za satelaiti yake ya Gaia kwa nyota zaidi ya bilioni moja, na mwenye kompyuta mpakato na intaneti anaweza kuzipakua akiwa Kidichi, bila kumwomba mtu ruhusa.

Milango iliyo wazi na iliyofungwa

Ni vyema kujua mapema wapi pa kubisha hodi. Nafasi nyingi za Marekani hugharimiwa na mpango wa serikali uitwao REU, ambao fedha zake ni kwa raia na wakaazi wa kudumu wa nchi hiyo tu. Wazanzibari wenye watoto huko wazifuatilie. Aliyeko Unguja asipoteze muda wake.

Ipo mingine iliyo wazi zaidi. Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kina mpango uitwao LEAPS, unaoendeshwa kwa pamoja na shirika la anga la Ulaya. Katika nchi hiyo hiyo, taasisi ya ASTRON iliyoko Dwingeloo hupokea wanafunzi wa astronomia ya mawimbi ya redio. Shirika la ESO lina mpango wake wa wiki 6 Garching, Ujerumani. Huko Baltimore, Marekani, taasisi inayosimamia kazi za kisayansi za darubini za Hubble na James Webb nayo imekuwa ikipokea maombi ya wageni. Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tangazo la mwaka husika ndilo la kufuatwa.

Karibu zaidi na nyumbani, iko shule fupi ya wanaastronomia chipukizi wa Afrika, ijulikanayo kwa kifupi PASEA. Ilianza Nigeria mwaka 2013 kama shule ya Afrika Magharibi, ikapanuka. Kwa asiyewahi kufanya utafiti, hiyo ni ngazi ya kwanza nzuri.

Si lazima mwombaji awe anasomea astronomia. Fizikia, hisabati, kompyuta na sayansi ya data zote ni njia. Kwa hiyo mlango uko wazi kwa mwanafunzi wa SUZA kama ulivyo kwa yule wa tawi la IIT Madras, lililofunguliwa Zanzibar mwaka 2023.

Hesabu ya nyumbani

Tuje kwa wazazi. Swali la fedha ni la haki, na lijibiwe kwa kalamu na karatasi: posho ni kiasi gani, nauli na viza analipa nani, na fedha hutolewa kabla ya safari au baada yake? Ziko nafasi zinazomtaka mwanafunzi atangulize nauli yake kisha arudishiwe, na hapo ndipo familia nyingi hukwama. Ulizeni kwa maandishi kabla ya kukubali.

Swali la binti ni zito zaidi. Mzazi anayeuliza mwanawe atalala wapi, atasimamiwa na nani na atakula nini, anatimiza amana yake. Taasisi makini hujibu maswali hayo bila kuudhika, na isiyojibu imekwisha kujieleza. Lakini wasiwasi usigeuke kuwa hukumu kabla ya kuuliza. Burçin Mutlu-Pakdil, Mturuki avaaye hijabu, alisoma shahada ya kwanza Ankara na ya uzamivu Marekani. Utafiti aliouongoza kuhusu galaksi moja adimu yenye pete mbili ulichapishwa mwaka 2017, na galaksi hiyo sasa hufahamika kwa jina lake. Leo ni profesa wa chuo kikuu.

Hata ibada humpa msafiri somo la anga. Hapa Unguja, wakati wa Maghribi haubadiliki hata kwa saa moja mwaka mzima. Leiden, mwishoni mwa Juni, jua huzama karibu saa 4 usiku. Kijana aijue sababu kabla hajapanda ndege, na apange usingizi wake mapema.

Anzia uani

Maombi hutaka mambo manne: matokeo ya masomo, maelezo binafsi, barua za walimu, na dalili kwamba mwombaji amewahi kujaribu jambo kwa mikono yake. Hili la nne halihitaji maabara.

Kila mwaka jua hupita juu kabisa ya Al-Kaaba mara mbili: tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 16 Julai saa 6:27 mchana, katika mwaka mrefu hutangulia siku moja. Saa za Makkah ni sawa na zetu. Simika uani mti ulionyooka wa mita 1, katika ardhi tambarare. Wakati huo, ukitoka ncha ya kivuli kuelekea shina la mti, ndiyo kibla, ambacho kwetu ni kaskazini na kidogo sana mashariki. Kisha pima kivuli. Kwa Kidichi kitakaribia sentimita 52, maana yake jua limeinama kutoka utosini kwa digrii 27 na nusu hivi. Kila digrii juu ya uso wa dunia ni takriban kilomita 111. Zidisha, nawe umepata umbali wa kutoka uani kwenu hadi Makkah: kilomita zipatazo 3,050.

Pima, rudia Julai, waombe wenzako wa Kizimbani na Makunduchi wapime, andikeni mlipokosea na kwa nini vipimo vyenu vimetofautiana. Huo ni utafiti, na ukurasa mmoja wa kazi hiyo una uzito kuliko sifa nyingi za kujiandikia. Fursa nyengine inakuja tarehe 2 Agosti 2027, jua litakapopatwa kikamilifu Jeddah na Makkah, na kwetu kwa sehemu. Mwenye kutaka kulipima ajifunze kwanza kulinda macho.

Madirisha mengi ya maombi hufunguka baina ya Novemba na Februari, na hufungwa bila kumsubiri mtu. Mwalimu aombwe barua wiki 4 kabla, si usiku wa mwisho. Naye mwalimu akumbuke kwamba barua isiyotumwa humfungia mwanafunzi wake mlango. Pasipoti ishughulikiwe sasa. Na familia ikae pamoja mapema, kabla ya msimu, iamue kwa uwazi: mwaka huu nani atatembeza wageni, na nani ataomba.