OILI NZITO NA INJINI KUUKUU

Kama umewahi kusimama kwenye stendi ya magari hapa Nyahururu saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai, unajua baridi ya huku si ya kuchezewa. Saa hizo ndizo magari ya abiria huamshwa. Ukitega sikio utasikia gari moja likiamka kimya kama paka, na jingine likianza kwa kelele za kata-kata-kata, kama mtu anayetikisa mkebe wa misumari, halafu baada ya sekunde chache linatulia. Wengi wetu hatujali, haja yetu ni kufika shuleni kabla ya kengele. Lakini sekunde zizo hizo ndizo zilizonifanya nishike kalamu, kwa maana nusura ziue gari la mjomba wangu, na gari hilo ndilo linalonilipia karo.

Gari lenyewe ni Toyota Probox iliyoundwa mwaka wa 2011, yenye injini ya petroli iitwayo 1NZ-FE. Imekwisha kupita kilomita 340,000, na njia yake ni Nyahururu hadi Rumuruti na kurudi, kutwa kucha. Mwaka jana ilianza kunywa oili. Kila asubuhi ikiamshwa inatoa moshi wa samawati nyuma, na abiria wanazibana pua. Mjomba akaipeleka kwa fundi mmoja wa jua kali. Fundi hakuuliza swali hata moja. Alisema tu, "Mzee, hii injini imezeeka. Achana na hii oili nyepesi kama maji. Weka twenti-fifti, ama hata forti, moshi utaisha."

Mjomba akaweka twenti-fifti, yaani oili iliyoandikwa 20W-50 kwenye mkebe. Na kweli, moshi ulipungua! Kwa wiki mbili tulimwita yule fundi daktari. Kumbe wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Wiki ya tatu ndipo zilipoanza zile kelele za asubuhi. Taa nyekundu ya oili, ile yenye picha ya birika linalotona, ikawa inachelewa kuzima. Baadaye ikawaka na ile ya manjano yenye picha ya injini, gari likawa zito mlimani na petroli ikawa inaisha upesi.

Kabla sijaendelea, ngoja kwanza tuelewane hizi namba ni za nini, maana hata mimi nilidhani 20W-50 ni bora kuliko 5W-30 kwa kuwa namba ni kubwa, kama alama za mtihani. Sivyo hata kidogo. Hizo ni namba za mnato, yaani uzito wa oili wakati wa kutiririka. Uji wa wimbi una mnato kuliko chai, na asali ina mnato kuliko uji. Shirika la wahandisi wa magari la Marekani, SAE, ambalo liliundwa mwaka wa 1905, ndilo lililopanga madaraja haya. Namba ya kwanza, yenye herufi W, ni ya baridi. Ikiwa ndogo, oili inatembea upesi injini ikiwa bado imelala. Namba ya pili ni ya moto, nayo hupimwa oili ikiwa na nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa kipimo hicho, oili ya 30 huwa kati ya 9.3 na 12.5, ya 40 huwa kati ya 12.5 na 16.3, na ya 50 huwa kati ya 16.3 na 21.9. Maji ya kawaida, yasiyo moto wala baridi sana, ni kama 1. Ile forti aliyoitaja fundi haina W kabisa, ni oili ya daraja moja tu.

Ukitaka kuona mambo haya kwa macho yako, omba mitungi miwili ya kupimia kutoka maabara ya fizikia. Tia oili ileile katika yote miwili. Mmoja uache mezani, mwingine uketishe ndani ya maji moto dakika kumi hivi. Dondosha gololi kwa kila mmoja. Katika ule wa moto gololi inazama kama jiwe kisimani, na katika ule wa baridi inashuka polepole kama mzee anayeteremka ngazi. Oili ni ileile, joto tu ndilo lililobadilika. Kazi ya oili zenye namba mbili ni kupunguza tofauti hiyo: zimetiwa viongezi vyenye molekuli ndefu ambazo hunyooka zikipata joto, zikaizuia oili isilegee mno.

Sasa tuingie ndani ya injini. Kuna kranki, yaani ule mhimili mkubwa unaozunguka chini, nao umelala juu ya beringi. Lakini injini ikizunguka, chuma cha kranki hakigusi chuma cha beringi. Kati yake kuna nafasi ndogo, pungufu ya unywele mmoja, na nafasi hiyo imejaa oili inayosukumwa na pampu. Injini ikizeeka, nafasi hiyo hupanuka. Oili nyepesi ikipata moto inavuja pembeni, msukumo unashuka, na taa nyekundu inaanza kupepesa gari likiwa limesimama huku injini inanguruma taratibu. Hapa ndipo namba kubwa ya pili inaposaidia kweli, kwa sababu oili nzito haitoroki upesi. Yaani yule fundi hakubuni uongo. Alichukua dawa ya ugonjwa mmoja akampa mgonjwa wa ugonjwa mwingine, kwani taa ya Probox haikuwahi kupepesa ikiwa moto.

Shida ya 20W-50 iko asubuhi. Katika baridi ya nyuzi 10, oili hiyo huwa nzito mara tatu au zaidi kuliko 5W-30. Pampu inahangaika kuivuta kutoka chini. Ikifika kwenye filta inakwama, na ndani ya filta kuna valvu ndogo ambayo hufunguka ili injini isikauke, kwa hivyo oili inapita bila kuchujwa, uchafu na vyote. Juu kabisa ya injini, vyuma vinangoja. Katika 1NZ-FE, mnyororo wa taimingi hukazwa kwa msukumo wa oili. Kabla oili haijafika, mnyororo umelegea na unapigapiga. Hiyo ndiyo kata-kata-kata ya stendini! Tena injini hii ina mtambo uitwao VVT-i, unaobadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu kulingana na mwendo, nao pia unaendeshwa na oili ipitayo kwenye vijitundu vidogo. Oili ikiwa nzito, mtambo unachelewa kuitika, kompyuta ya gari inalalamika, na hapo ndipo taa ya manjano inapowaka.

Wazee wetu wataniuliza, mbona Peugeot 504 zilikuwa zikitiwa twenti-fifti na zilitembea miaka ishirini? Swali ni zuri, nami nawaheshimu wenye 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Lakini injini ya 504 haina VVT-i wala kompyuta ya kuwasha taa. Iliundwa enzi ambazo oili nzito zilikuwa jambo la kawaida. Mwenye 504 ama Datsun 1200 iliyochoka, mimi siwezi kumkataza 20W-50, hasa kama yuko Mombasa au Garissa ambako hata alfajiri ni joto. Probox si 504.

Basi tukarudi kwenye moshi. Mjomba alimpata fundi wa pili, mzee mpole ambaye hakushika spana mpaka alipomaliza maswali yake. Aliuliza, "Moshi unatoka saa ngapi? Ukikanyaga mafuta kupanda mlima, au ukiamsha asubuhi?" Mjomba akasema asubuhi. Mimi nikakumbuka jambo nikadakia, "Na tukimaliza kuteremka kuelekea Rumuruti, akikanyaga tena, unatoka wingu moja halafu unaisha." Mzee akatabasamu. Alieleza kwamba ringi za pistoni zikiisha au zikigandishwa na masizi, moshi hutoka wakati injini inafanya kazi nguvu. Lakini ukitoka asubuhi au baada ya mteremko, mara nyingi wa kulaumiwa ni sili za valvu. Hizo ni vipira vidogo vinavyozuia oili isidondoke kupitia mashina ya valvu. Vikikauka kwa uzee vinakuwa vigumu kama plastiki, na oili inateleza usiku kucha. Oili nzito inateleza polepole, ndiyo maana moshi ulipungua. Mpira ulikuwa bado ni uleule uliokufa.

Injini ile ina valvu 16, kwa hivyo sili ni 16. Mzee alifungua juu tu, chini hakugusa. Gari lililala gereji siku mbili, na siku mbili bila abiria si mchezo nyumbani kwetu, tulikula sukuma wiki bila malalamiko. Lakini kama beringi zingekauka asubuhi moja na injini ikanoki, tungekuwa tunatafuta injini nyingine nzima, na mimi pengine singekuwa kidato cha tatu sasa.

Kuhusu oili, mzee hakurudi kwenye 5W-30 moja kwa moja, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Alisema injini ya kilomita 340,000 imepanuka kidogo hata kama haijalalamika, kwa hivyo inaweza kupandishwa daraja moja kwa namba ya moto, isiruke madaraja mawili. Namba ya baridi ibaki ndogo. Akatia 5W-40. Ingekosekana, alikuwa tayari kutia 10W-40, kwa kuwa huku kwetu hakuna theluji. Kumbuka 10W hupimwa katika nyuzi 25 chini ya sufuri, baridi ambayo hatujaiona hata mabondeni kwenye jalidi. Injini hii huchukua kama lita 3.7 pamoja na filta mpya, kwa hiyo mkebe wa lita nne unatosha na kubakisha ya kuongezea. Mjomba alitaka kununua ile ya bei rahisi inayouzwa kando ya barabara, mzee akamzuia. Mikebe mingine hujazwa oili chafu iliyochujwa, ile ambayo kwetu hupakwa nguzo za ua ili mchwa wasizile. Namba kwenye mkebe wa aina hiyo haina maana yoyote, hata ikiwa imeandikwa vizuri.

Jambo la mwisho alilotuambia ni la bure, na naona ndilo kubwa kuliko yote. Nunua daftari. Kila Jumamosi, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa, chomoa kijiti cha oili, kipanguse, kirudishe, chomoa tena, usome. Andika kilomita na kiasi ulichoongeza. Bila daftari, mtu husema "gari linakula oili sana" na hajui sana ni ngapi. Gari kuukuu likinywa nusu lita kwa kilomita 5,000, mimi nasema mwache mzee anywe. Likinywa lita nzima kwa kilomita 1,000, kubadilisha namba ya oili hakutoshi, tafuta ugonjwa.

Kazi ya daftari nimepewa mimi. Zamani tulikuwa tukiongeza karibu lita moja kila wiki mbili. Jumamosi iliyopita, baada ya kilomita 1,900 tangu oili mpya, kijiti kilikuwa kimeshuka kidogo tu chini ya alama ya juu. Nilimwonyesha mjomba. Alikitazama, akakipeleka kwenye mwanga, akakitazama tena. Halafu akasema, "Andika, mpwa wangu. Na tarehe usisahau."