Albamu iliyoandikwa kabla ya safari

Katika studio moja ndogo ya picha karibu na Boulevard de la Libération, mjini Bunia, kuna albamu isiyo na picha hata moja. Kurasa zake ni nyeusi, nene, na zimebandikwa vipembe vya karatasi, vinne vinne, vya kushikia picha zisizokuwapo. Chini ya kila nafasi tupu pameandikwa kwa kalamu nyeupe, herufi za mtu aliyesoma enzi ambazo mwandiko mbaya ulimletea mtoto fimbo. "Hapa wanangoja. Nani amekasirika?" "Mikono ya watoto baada ya kula." "Viatu vya wote jioni, mlangoni." "Mtu aliyetupiga foto hii, na jina lake kama mlimuuliza." Ukurasa mmoja una nafasi kubwa kupita zote na maneno mawili tu: "Mnyama wetu."

Nilikuwa nimeingia kupiga picha ya pasipoti. Pasipoti ikasahaulika.

Mwenye studio ni mama wa makamo. Ameomba nisimtaje jina, kwa kuwa wateja wake wengi wako mbali na mambo yao ni yao. Albamu ni ya familia ya hapa Bunia iliyohamia Marekani. Likizo ijayo watawapeleka watoto Disney's Animal Kingdom, kule Orlando, Florida, na picha zitarudi huku kwa tate yao, mama mzaa baba, ambaye hakuondoka. Wateja walitaka tu kujua bei ya kuchapisha. Yeye akawaambia kazi inaanza kabla ya kufunga mizigo.

"Ukingoja warudi, watakuletea foto mia tatu za watu wamesimama mbele ya kitu," ananiambia huku akipangusa vumbi kwenye printa. "Wamesimama, wanacheka. Wamesimama tena. Tate atauliza, siku hiyo mlikula nini? Nani alilia? Hakuna anayekumbuka. Foto ipo, siku yenyewe haipo."

Kwa hiyo huwatumia maagizo kwa sauti, kwenye simu, na hana haya kuyarudia. Picha zisitumwe WhatsApp kama picha, maana zinabanwa na kupoteza ubora. Zitumwe kama faili. Kwa karatasi ya sentimita 10 kwa 15, anataka pikseli zisizopungua 1,200 kwa 1,800. Tiketi zisitupwe. Ramani za bustani zichukuliwe mbili, moja ya kutumia na kuchakaa, nyingine ibaki safi, na zote mbili apewe mtu yeyote anayepitia Entebbe. Ile iliyochakaa ndiyo anayoitaka zaidi. Kila jioni mtoto mmoja aandike sentensi moja, na mzazi asiisahihishe.

Albamu za kurasa zenye gundi na plastiki hataki kuzisikia. Gundi inageuka njano, picha inang'ang'ania, na siku ukitaka kuitoa inakuja nusu. Vipembe vya karatasi anavikata mwenyewe kwa mkasi wa kucha, na nilipomtazama akivikata, umeme ulikatika na mkasi haukusimama.

Maneno yanawezaje kutangulia picha? Hapa sauti yake ilishuka kidogo. Vita vya 1999 hadi 2003 havihitaji kusimuliwa kwa msomaji wa Ituri. Watu waliporudi kwenye nyumba zao, au kwenye mahali nyumba zilipokuwa, baadhi walikuja studio kuuliza kama filimu zao zimesalimika. Hazikusalimika, makabati yenyewe yalikuwa yamebebwa. Mama mmoja hakuondoka. Alikaa kwenye benchi akaanza kutaja picha zake moja moja: huyu alikuwa kushoto, huyu alifumba macho, kitambaa cha meza kilikuwa cha kuazima. Mwenye studio akachukua daftari, akachora visanduku, akaandika ndani yake.

"Nikamaliza albamu nzima hivyo. Visanduku na maneno."

Aliridhika?

"Alilipa," akasema, akaendelea kukata vipembe.

Tangu hapo, anasema, hamwamini mtu anayepiga kwanza akafikiri baadaye. Mimi nina wasiwasi wangu, na nilimwambia. Mtoto aliyeagizwa kupigwa picha ya hasira, je, hatakasirika ili kumfurahisha mpiga picha? Safari iliyokwisha kuandikwa inabaki na nafasi gani ya kwenda kombo? Alinijibu kwamba ndiyo maana anaandika maswali, na kwamba kurasa tatu za mwisho haandiki kitu. Jibu zuri. Halikunitosha.

Ule ukurasa wa mnyama ni wa okapi. Katika bustani ile, iliyofunguliwa mwaka 1998, kuna mji wa kubuni wa Afrika Mashariki uitwao Harambe. Watalii hupanda lori hapo, na sehemu ya kwanza wanayopita ni msitu ulioitwa Little Ituri, wenye okapi halisi. Tate hajawahi kumwona okapi. Epulu, penye kituo cha okapi, iko mkoani humuhumu, kwenye barabara ya Mambasa, lakini ni nani anayeipita barabara ile kwa matembezi? Tarehe 24 Juni 2012 waasi waliivamia Epulu wakaua watu 6 na okapi wote 14 waliofugwa kituoni. Miaka mingi kabla ya hapo okapi wa Epulu walikuwa wakisafirishwa kwenda bustani za wanyama za ng'ambo. Sasa wajukuu watavuka nusu ya Marekani kumpigia tate picha ya jirani yake.

"Nimewaambia wampige ubavuni, miguu ionekane," anasema mama wa studio. "Mistari ile. Asipigwe uso tu kama mtu wa pasipoti."

Limebaki jambo moja, na bado hajaliamua. Katikati ya bustani ile umesimama mti bandia wa mita 44, uliojengwa juu ya nguzo za mtambo wa kuchimbia mafuta baharini. Familia itapiga picha hapo, wote pamoja, na inataka tate aingizwe kwa kompyuta. Kazi hiyo anaiweza. Ukutani pake kuna maharusi wa Bunia waliosimama mbele ya mnara wa Paris. Tate mwenyewe amekubali, na amekwisha kuja kuulizia kikwembe cha rangi gani kitapendeza na kijani cha mti.

"Kumweka pale ni kazi ya nusu saa," anasema. "Nafasi nimemwachia, katikati ya wajukuu. Lakini chini yake niandike nini? Wewe unaandika magazeti. Niambie."

Sikuwa na la kumwambia. Albamu inatakiwa kabla ya Noeli.