Askari wa Mahiwa Aliyefia Sachsenhausen

Mgeni afikaye Berlin huonyeshwa mengi ya kumfurahisha. Lakini sisi na rafiki yetu, Mkaguzi wa Polisi ambaye zamani tulilala naye bweni moja katika chuo cha kadeti, tulipopata siku moja ya mapumziko safarini, tulichagua kwenda mahali pasipo na furaha. Tulipanda treni hadi mji wa Oranienburg, yapata kilomita 35 kaskazini ya Berlin, kisha tukaenda kwa miguu hadi Sachsenhausen, kambi ya mateso ya zamani ambayo leo ni mahali pa kumbukumbu.

Kambi hiyo ilijengwa mwaka 1936 kwa mikono ya wafungwa wenyewe. Ilipimwa kwa umbo la pembetatu, ili walinzi wenye bunduki ya rashasha juu ya lango wayatawale mabanda kutoka mahali pamoja. Hadi mwaka 1945 watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamefungwa humo, na makumi ya maelfu hawakutoka wakiwa hai.

Sisi tulio askari tulivutwa zaidi na njia inayopinda kando ya uwanja wa kuhesabia wafungwa. Imetandazwa kokoto, mchanga, saruji na mawe, kila sehemu kwa namna yake. Hapo wafungwa wenye njaa walilazimishwa kutembea hata kilomita 40 kwa siku, ili kupima uimara wa soli za buti za jeshi. Mwenzetu, ambaye siku hizi ni mkufunzi wa gwaride, alisimama pale kwa muda mrefu.

"Ndugu yangu," alisema, "nami huwazungusha watu uwanjani mchana kutwa. Tofauti yangu na wale ni nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulisonga mbele hadi mahali ambapo, katika miezi michache ya mwaka 1941, mateka wa vita zaidi ya 10,000 wa Umoja wa Kisovieti waliuawa. Kila mmoja aliingizwa katika chumba mfano wa zahanati, akaambiwa asimame apimwe urefu, naye akapigwa risasi ya shingo kupitia tundu lililofichwa nyuma ya kipimo. Waliotenda hayo walivaa sare, walipiga saluti, na walitii amri.

Miongoni mwa waliofia kambini yumo mzaliwa wa Dar es Salaam, Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa mwaka 1904, mtoto wa askari, naye mwaka 1914 akaingia vitani upande wa Wajerumani angali na umri wa miaka kumi. Mwaka 1917 alijeruhiwa huko Mahiwa, karibu na Lindi. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa, akanyimwa. Aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa tena. Alifanya kazi hotelini, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke mzungu, akapelekwa Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944. Dola aliyoimwagia damu ndiyo iliyomwua.

Kambi ilikombolewa Aprili 1945. Hata hivyo, wakombozi nao waliigeuza gereza lao hadi mwaka 1950, na watu wapatao 12,000 walikufa humo kwa njaa na maradhi. Basi ubaya hauna sare moja.

Tulipokuwa tukirudi, tulikumbuka kwamba kwenye eneo la kambi ya zamani ya walinzi wa SS sasa kuna chuo cha polisi. Wanafunzi wake husomea sheria hatua chache tu kutoka mahali sheria ilipozikwa.

"Nikirudi nyumbani nitaongeza somo moja," alisema mwenzetu. "Nitawaambia kuruta kwamba ipo amri isiyotiiwa."

Tulimpinga. Tulimwuliza itakuwaje kuruta huyo akikataa amri siku risasi zinapolia.

"Amri ya kumkabili adui mwenye silaha ataitii," alijibu. "Amri ya kumwua mateka asiye na silaha hataitii. Asipofundishwa tofauti hiyo mapema, atajifunzia wapi?"

Hapo tulinyamaza, kwani alisema kweli. Mahakama ya Nuremberg ilikwisha kuamua mwaka 1946 kwamba amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia, na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inamlinda mateka. Sisi wenyewe tulifundishwa kutii kwanza na kuuliza baadaye, na mafunzo hayo tumeyapokeza wengine. Waliopita mbele ya kile kipimo cha urefu hawakupata "baadaye" yoyote.

Rafiki yetu alikwisha kulipata jibu la swali lake la uwanjani. Sasa ni zamu yetu, wasomaji askari na polisi, kujiuliza swali hilo hilo kila tufungapo kamba za buti.