Kwa nini malaria haiko sawasawa kila pahali

Siku ya kupima watoto kilo, wamama wengi wananiuliza: «Munganga, sisi wote tuko wa inchi moja, tunakula mihogo na maharagi ile ile. Kwa nini watoto wangu hapa Beni wanapata malaria kila mara, na watoto wa dada yangu kule milimani Lubero hawapati sana?» Wengine wanajibu kwamba ni hewa safi ya mulima. Wengine wanasema ni damu ya ukoo. Hapana, si hivyo. Ni juu ya joto, na maji, na kijidudu kidogo sana ambacho macho hayawezi kukiona.

Tuanze na inchi yenyewe. Musitari wa Ekweta unapita kwetu, karibu na Butembo. Mutu angefikiri kwamba pahali pote pa karibu na Ekweta pana joto. Lakini kila mara unapopanda metre 1000, joto linapungua digrii 6 hivi. Ziwa Edward liko metre 912 juu ya bahari, na kule jua linachoma kabisa. Butembo iko metre 1700 na zaidi. Lubero inakaribia 2000, na kule mama anafunika mutoto blanketi mbili usiku. Na juu kabisa ya Ruwenzori, kwenye metre 5109, kuna barafu, ijapokuwa siku hizi inazidi kupungua.

Kwa hiyo kila pahali pana viumbe vyake. Katika pori kubwa la Ituri jua halifiki chini. Majani yanaanguka, yanaoza, na yanalisha miti tena. Okapi anakaa mule, hawezi kuishi katika uwanda wa majani wa Rwindi. Vilevile viazi vinavyozaa vizuri milimani, ukivipanda kule chini vinakuchekesha tu. Ginsi viumbe, maji, udongo na hali ya hewa vinavyoshikana, wenye elimu wanaita ekolojia. Ni jina kubwa, lakini kila mama mulimaji anaijua kazi yake.

Sasa mbu. Mbu muke wa malaria anaponyonya damu ya mugonjwa, anameza kijidudu. Lakini hawezi kukipeleka kwa mutu mwingine siku ileile. Kijidudu kinapashwa kwanza kukomaa ndani ya tumbo la mbu, kisha kipande mpaka katika mate yake. Na mbu hana joto lake mwenyewe kama sisi. Hewa ikiwa baridi, naye iko baridi. Pahali penye digrii 25 na zaidi, kijidudu kinakomaa kwa siku 12 hivi. Kwenye digrii 20 kinapita wiki tatu. Chini ya digrii 16, ile malaria kali ya kwetu haikomai hata kidogo. Ni kama mihogo munayoloweka: hapa chini siku tatu inalainika, kule juu munangoja sana. Na mbu wengi wanakufa mbele ya kumaliza wiki tatu. Basi mulimani mbu wanaweza kuuma, lakini wanakufa mbele ya kijidudu kuwa tayari.

Hapo ndipo hatari inapojificha. Mutoto wa huku chini, akipona malaria mara nyingi, mwili wake unajifunza kupigana nayo kidogo kidogo. Mutoto wa mulimani hajajifunza. Hata baba yake hajajifunza.

Nilipokea mama mumoja aliyeshuka kutoka milimani kuuza maharagi. Alilala kwa shangazi yake siku tisa, bila chandarua, pamoja na mutoto wa miaka miwili. Walirudi nyumbani wazima. Kisha siku ya sita mutoto akapata homa. Majirani wakasema: «Hapa kwetu hakuna malaria, ni meno tu, ao ni baridi.» Wakamupaka dawa ya majani siku tatu. Walipomuleta kwetu, macho yalikuwa yamegeuka, hawezi kunyonya tena. Alipona kwa neema ya Mungu na kwa damu ya mujomba wake, lakini alichelewa kutembea tena. Yule mama hakuwa mujinga. Hakuna mutu aliyemwambia kwamba malaria inaweza kungoja ndani ya mwili juma moja, mbili, hata mwezi, mbele ya kuonekana.

Na milima yenyewe inabadilika. Mbu mumoja wa malaria anapenda maji madogo yanayopigwa na jua: mashimo ya matofali, alama za miguu ya ngombe, mifereji ya shamba. Bonde lenye mafunjo lina kivuli na ubaridi. Tukikata mafunjo na kulima, maji yanapata jua na bonde linapata joto. Pori vilevile. Dunia yote nayo inazidi kuwa na joto. Kwa hiyo mama wa Butembo asiseme tena «sisi tuko juu». Tunaona malaria kule, na chandarua kinahitajika. Mashimo ya matofali mukiyamaliza, muyafukie.

Ukishuka, kwa soko ao kwa kukimbia vita, beba chandarua mbele ya sufuria. Kama uko na mimba, mwambie munganga mbele ya safari. Kuanzia mwezi wa ine wa mimba kuna dawa ya kukinga malaria ya kumeza pale kliniki. Homa ikikuja, tone moja la damu ya kidole linatosha kupima. Dawa ni ya siku tatu, na imalizwe yote, hata kama mutoto anacheza siku ya pili. Ile chlorokini ya wazee wetu haitumiki tena kwa malaria kali ya huku. Mutoto asiyenyonya, anayetapika kila kitu, anayelala bila kuamuka vizuri, ao anayekakamaa mwili, usingoje asubuhi.

Na ukifika kwetu, mbele ya kutueleza homa, tuambie mulilala wapi mwezi uliopita. Munganga akisahau kuuliza, umwambie wewe, aandike kwenye fishi ya mutoto: pahali gani, usiku ngapi, na chandarua ao bila chandarua.