Kocha Kijana Jangwani

Klabu ya soka ya Yanga imekuwepo tangu 1935, na orodha ya makocha waliopita pale mtaa wa Jangwani ni ndefu kuliko kumbukumbu ya shabiki yeyote asiyesaidiwa na mwenzake. Katika misimu ya karibuni tu walipita Nasreddine Nabi wa Tunisia, Miguel Gamondi wa Argentina, Sead Ramović aliyezaliwa Ujerumani, na Miloud Hamdi, ambaye aliondoka huku kombe la ligi likiwa bado linang'aa kabatini. Julai 2025 akaja Mfaransa Romain Folz, mwenye umri wa miaka 35. Mtu wa nje angedhani watu waliozoea kupokea na kuaga namna hii wangekuwa wamechoka kushangilia. Hawachoki, na ukiwaangalia kwa makini utagundua kwamba mapokezi yao yana utaratibu wake, kama ilivyo kwa desturi yoyote yenye wazee wake, miiko yake na watu wake wa kuleta fujo.

Kumpokea kocha mpya huanza kabla hajajulikana. Huanza siku aliyemtangulia anapopewa "Thank You", yaani klabu inapobandika mtandaoni picha yake ikiwa na maneno ya shukrani. Hakuna shabiki Dar es Salaam anayehitaji kuelezwa shukrani hiyo ina maana gani. Kutoka hapo hadi jina jipya litangazwe ni msimu wa tetesi, na tetesi nazo zina adabu. Anayeleta jina kijiweni lazima aseme kalitoa wapi: shemeji yake anafanya kazi uwanja wa ndege, au jirani yake anamwendesha kiongozi fulani. Haaminiwi, ila husikilizwa mpaka mwisho, na akipatia mara moja tu ataishi kwa sifa hiyo miaka mitatu.

Jina la Folz lilipothibitika, simu zikaanza kufukua. Kumbe amefundisha Ghana, pale Bechem United na Ashanti Gold. Amekuwa Botswana na Township Rollers, Guinea na Horoya, Afrika Kusini na AmaZulu, akawa msaidizi Mamelodi Sundowns, kisha Algeria na Olympique Akbou. Kila klabu katika wasifu huo ilipata mtetezi na mshitaki wake. Kulikuwa na waliosema huyu anaijua Afrika kuliko Wazungu wengi wanaoshuka pale kwa mara ya kwanza wakiuliza maji ya kunywa yako wapi. Wengine walihesabu klabu hizo, wakahesabu na miaka yake, wakauliza ni lini alipata muda wa kufungua begi. Halafu ikatajwa Marumo Gallants. Hapo kijiwe kizima kilipata nguvu, maana Marumo ndio Yanga iliowatoa kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, 2-0 nyumbani na 2-1 kwao. Kwamba kocha mpya aliwahi kuifundisha timu hiyo si sifa wala doa, lakini kwa shabiki wa Yanga ilitosha kuwa undugu.

Ila kilichowashika watu zaidi ni mwaka wa kuzaliwa: 1990. Kipa Djigui Diarra amezaliwa 1995. Wazee wengi wa klabu walikuwa na kadi za uanachama mfukoni kabla kocha huyu hajawa hata habari ya ujauzito. Pale Nyamagana mjini Mwanza, Yanga ilipoifunga Simba 2-1 mwaka 1974, alikuwa bado miaka 16 kufika duniani. Zile 6-0 za Simba mwaka 1977, ambazo mzee wa Yanga akikumbushwa hugeuza mazungumzo kuwa ya bei ya mchele, kwake zingekuwa hadithi tu.

Katika nchi ambako mtoto akiingia sebuleni anaanza na shikamoo, umri si jambo dogo. Mikutanoni wazee hupewa viti vya mbele, na neno la ufunguzi mara nyingi ni lao. Hata ugomvi wa klabu, ambao Yanga wana historia nao ndefu tangu mpasuko uliozaa Pan African mwaka 1976, kwa kawaida haujatulia mpaka wazee waseme umetulia. Sasa mzee kama huyo anamsalimiaje kocha anayelingana na mwanawe wa mwisho? Jibu lilipatikana bila kikao. Tanzania ina mazoea ya kumpa heshima mwenye cheo hata kama ndevu hazijamwota: mkuu wa wilaya kijana akiingia ukumbini, wazee wa kata husimama, na baada ya mkutano wakamweleza pembeni kwamba babu yake walikuwa wanafahamiana. Folz aliingia kwa mlango huohuo. Akawa "mwalimu" tangu siku ya kwanza, na mwalimu haulizwi umri, huulizwa matokeo.

Nadhani hapa ndipo wageni wengi hukosea kuwasoma mashabiki hawa. Wanaona ngoma, vuvuzela, skafu ikivishwa shingoni, vitenge vya njano na kijani, wakina mama wakipiga vigelegele, na wanahitimisha kwamba kocha amependwa. Kupendwa bado. Zile kelele ni namna ya kuweka masharti hadharani, mbele ya mashahidi wengi iwezekanavyo, ili baadaye mtu asije akasema hakuambiwa. Ndiyo maana kocha hufundishwa upesi maneno machache ya kusema kwa Kiswahili. Anatakiwa aweze kutamka "Wananchi", jina wanalojiita watu wa Yanga, na akijitahidi sana, "Daima mbele, nyuma mwiko". Akiyatamka vibaya watu hucheka na kumpenda zaidi. Lakini amekwisha kuyatamka, na nusu ya pili ya kaulimbiu hiyo ndiyo mkataba wenyewe.

Masharti mengine hayatamkwi. Kocha asimsifu mtani, yaani Simba, hata kwa adabu. Asilaumu uwanja mara mbili mfululizo. Na kubwa kuliko yote, asiwadharau watu. Mbelgiji Luc Eymael alivunja hilo Julai 2020, sauti yake iliposambaa akiwatolea mashabiki maneno ya kibaguzi. Klabu ilimfukuza na hakuna aliyeuliza takwimu zake. Kinyume chake ni Mwinyi Zahera, Mkongomani aliyefika 2018 klabu ikiwa haina kitu. Alikuwa mstari wa mbele kuhamasisha michango, watu wakituma kwa simu kile walichonacho, na mpaka leo akitajwa utasikia sauti zinalainika. Huyo naye aliondolewa Novemba 2019, baada ya kutolewa na Pyramids ya Misri. Mapenzi ni mapenzi, na Thank You ni Thank You.

Wakati mwingine mlango hauhitaji kufungwa kabisa. Cedric Kaze wa Burundi alifika Oktoba 2020, akaondolewa Machi iliyofuata, kisha akarudi kuwa msaidizi wa Nabi. Wakachukua ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mchezo hata mmoja, wakafika fainali ya Shirikisho mwaka uliofuata. Sijawahi kusikia shabiki akiona ajabu katika hilo. Kwa watu wa Jangwani kufukuzwa si laana.

Turudi kwa Folz, na kwa watani, maana mapokezi ya kocha wa Yanga hayajakamilika kabla Simba hawajaweka mkono. Utani huu wa Kariakoo una mizizi katika ule wa makabila. Mnyamwezi na Mzaramo waliweza kuambiana yasiyosemeka hata msibani, na aliyekasirika ndiye aliyeonekana hana malezi. Msimbazi, kwa Simba, na Jangwani wameurithi mkataba huo bila kubadilisha vipengele. Kwa hiyo Mfaransa wa miaka 35 alikuwa zawadi. Wekundu waliulizia kama amekuja na mzazi, kama Yanga imefungua shule ya chekechea, kama mazoezi yatasimama saa ya kulala mchana. Utani wa namna hii hauna mwandishi. Unaokotwa kwa bodaboda asubuhi, unafika sokoni umeongezewa chumvi, na jioni unarudi kwako kwenye simu kana kwamba hukuusikia.

Mwananchi mwenye busara hajibu siku hiyohiyo. Huhifadhi. Na Septemba 2025 akiba ikaiva. Kwenye Ngao ya Jamii, tarehe 16, Yanga iliifunga Simba 1-0 kwa bao la Pacôme Zouzoua. Siku chache baadaye Fadlu Davids, kocha wa Simba, akaondoka kwenda Raja Casablanca. Kwa hiyo walioulizia mzazi wa kocha wa wenzao wakawa wao ndio wamebaki bila mzazi. Wiki hiyo hata wauza kahawa walikuwa wanacheka peke yao, na nilimwona mzee mmoja wa njano akimpa mtani wake kashata bila kumdai, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa ni tusi.

Kabla ya hapo palikuwa na Wiki ya Mwananchi. Simba walitangulia na siku yao, inayoadhimishwa tangu 2009. Yanga wakaanzisha ya kwao 2019 na kuifanya wiki nzima, maana katika Kariakoo hakuna mtu anayeiga bila kuzidisha. Siku za katikati matawi hutoka kuchangia damu, kufagia masoko na kutembelea wagonjwa. Tawi, kwa asiyejua, ni kitu cha kweli: lina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, lina daftari la wanachama, linazika na linachangia harusi. Wapo watu ambao wangefilisika au wangezikwa na manispaa kama si tawi lao la Yanga. Kilele ni Uwanja wa Benjamin Mkapa, viti 60,000, dua zikisomwa na viongozi wa dini, wasanii wakitumbuiza, halafu wachezaji wanaitwa mmojammoja. Kocha naye huitwa, na hapo ndipo anaonyeshwa kwa wenye mali. Ukisimama jukwaani utaona jambo la kuchekesha: straika mpya anashangiliwa kwa nguvu, kocha anashangiliwa kwa urefu. Watu wanamtazama anavyotembea. Wanatafuta kitu ambacho hakuna anayeweza kukitaja, na jioni kila mmoja atasema yeye alikiona, au alijua tangu mwanzo kwamba hakipo.

Baada ya kilele, uvumilivu huanza kuhesabiwa. Folz hakuanza vibaya. Alichukua Ngao, akaitoa Wiliete ya Angola kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika kwa ushindi nyumbani na ugenini, akaifunga Pamba Jiji kwenye ligi. Hata hivyo manung'uniko yalianza mapema, wakati timu bado inashinda, na yalihusu kitu kingine. Mashabiki wa Yanga walikuwa wametoka kwenye misimu ya raha: mabao matano kwa Simba Novemba 2023 chini ya Gamondi, kisha enzi za Ramović na ule wimbo wa jukwaani wa "gusa, achia, twende kwao". Waliona timu yao inashinda bila kwenda kwao haraka. Pasi zilirudi nyuma, na nyuma, kama tulivyosema, ni mwiko. Sare ya bila mabao mjini Mbeya dhidi ya Mbeya City iliwapa ruhusa ya kusema kwa sauti kile walichokuwa wanakinong'ona.

Hapa umri, ambao Julai ulikuwa kichekesho cha watani tu, ulihamia nyumbani. Waliokuwa wakisema ujana ni nguvu mpya sasa walisema ujana ni papara, au ni woga, kutegemea nani anaongea. Sioni kama ilikuwa haki. Gamondi hakuwa kijana naye aliondolewa, Novemba 2024, akiwa na kombe la ligi mkononi. Ramović aliondoka mwenyewe kabla hata ya kuzoeleka. Kocha mwenye mvi angecheza mpira uleule wa taratibu, angeitwa mzee aliyechoka. Umri ulikuwa ni sababu iliyokuwa karibu na mkono, na mashabiki wa mpira, kama wafiwa, hushika kilicho karibu.

Tarehe 18 Oktoba, mjini Lilongwe, Silver Strikers ya Malawi iliifunga Yanga 1-0. Siku hiyohiyo klabu ikatangaza kuachana na Folz. Hakupewa hata nafasi ya mchezo wa marudiano, na mitaani wengi walisema ni sawa, ingawa wapo waliosema kwa chini kwamba mtu akifungwa bao moja ugenini na bado ana dakika 90 nyumbani, ule si msiba. Wiki iliyofuata timu ikaongozwa na msaidizi Patrick Mabedi, ambaye ni Mmalawi, dhidi ya klabu ya kwao mwenyewe. Yanga ilishinda 2-0 na kuingia hatua ya makundi. Kilichofuata ni vigelegele na mzaha kwamba Mabedi hatakaribishwa tena kijijini kwao.

Wakati huo tayari simu zilikuwa zinafukua tena. Safari hii ni Pedro Gonçalves, Mreno, kocha aliyeipeleka Angola robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kule Ivory Coast mwanzoni mwa 2024. Wengine waliuliza Angola wale walicheza pira la namna gani, wengine wakauliza kama atakuja na wasaidizi wake au atawakuta hapa. Mwenye shemeji uwanja wa ndege alikuwa kashafika kijiweni na saa ya ndege kutua. Amezaliwa mwaka gani, hakuna aliyeuliza.