Fahamu: Potenshiometa ya kidijitali hufanyaje kazi?

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti yanatosha kuonyesha kwamba kupima kina cha mto ni suala la uhai. Vihisi vya kazi hiyo huhitaji kurekebishwa kwa usahihi, na hapo potenshiometa huingia.

Ya kawaida mnaijua: kile kitufe cha kuzungusha cha kuongezea sauti ya redio. Mguso wa chuma huteleza juu ya utepe wa kaboni, ukinzani wa umeme ukabadilika. Kwenye hewa ya chumvi ya delta ya Rufiji, mguso huo huliwa na kutu na redio huanza kukwaruza.

Ya kidijitali haina kinachoteleza. Ndani ya chipu kuna rezista ndogo zilizopangwa mfululizo, na swichi za transista kati yake. Maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya kifaa, ikituma namba, swichi moja huunganisha, nyingine hukata. Chipu ya omu 10,000 yenye hatua 256 hubadilika takriban omu 39 kila hatua. Baadhi hutunza namba hiyo hata umeme ukikatika, faida kubwa kwa kifaa cha sola kilichoachwa mikokoni.

Potenshiometa za kidijitali hurekebisha pia sauti na ung'avu wa skrini. Lakini nyingi huishia volti 5 na miliampia chache. Usiziunganishe moja kwa moja na pampu ya maji.